Feni za Kasha la Kompyuta ya Mezani: Zipi Zinunuliwe Katika Miji ya Joto na Vumbi

Anayenunua feni za kasha la kompyuta akiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anakabiliana na mambo mawili ambayo maandishi ya kwenye boksi hayamwambii, yaani joto la chumba chake na vumbi la mtaa wake. Feni haitengenezi ubaridi. Kazi yake yote ni kuondoa hewa iliyokwisha kupata moto ndani ya kasha na kuingiza nyingine kutoka chumbani, na kwa hiyo hakuna kifaa chochote ndani ya kasha kinachoweza kupoa kuliko hewa ya chumba chenyewe. Kati ya Desemba na Machi, chumba cha mwambao kisicho na kiyoyozi hufikia nyuzijoto 32 au 33 mchana, na prosesa ambayo ingetulia kwenye nyuzi 65 katika chumba cha nyuzi 20 itakaribia nyuzi 78 hapa, ikifanya kazi ileile kwa feni zilezile. Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 hujipunguzia kasi zinapogusa nyuzi 95, na Intel Core nyingi za miaka ya karibuni zinapogusa nyuzi 100 hivi. Nafasi iliyobaki kabla ya kufika huko ni finyu kwetu kuliko kwa wale ambao tathmini za feni huandikwa kwa ajili yao.

Nimezipanga feni hapa chini kwa kigezo kimoja ninachokiamini kuliko vingine vyote: feni itakayokuwa bado inapitisha hewa ya kutosha, kwa utulivu, baada ya miaka kadhaa ya vumbi na unyevu wa chumvi. Taa za rangi sikuzihesabu.

Hewa kiasi gani inatosha

Wengi hununua feni kwa kujaza kila tundu la kasha, na matokeo yake hulipia feni sita pale ambapo tatu zingefanya kazi vizuri zaidi. Ipo hesabu fupi inayookoa fedha hizo. Chukua wati ambazo kompyuta yako hutumia ikiwa kazini, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya nyuzijoto unazokubali hewa iongezeke kati ya kuingia na kutoka. Jibu utakalopata ni mita za ujazo za hewa zinazohitajika kwa saa. Kompyuta ya ofisini inayokula wati 80, ukikubali ongezeko la nyuzi 10, inahitaji mita za ujazo 24 tu kwa saa. Kompyuta ya michezo au ya kuhariri video inayokula wati 350 inahitaji 105.

Feni nzuri ya milimita 120 huandikiwa takribani mita za ujazo 95 hadi 120 kwa saa, lakini kipimo hicho huchukuliwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele wala nyuma. Ndani ya kasha lenye kichujio, wavu na waya, mimi hukadiria nusu ya kilichoandikwa, na tena hupunguza kidogo kwa kuwa hakuna anayetaka kusikiliza feni inayozunguka kwa kasi yake ya mwisho siku nzima. Kwa makadirio hayo, kompyuta ya ofisini hutosheka na feni moja, na ile ya wati 350 hutosheka na mbili au tatu za kuingiza hewa pamoja na moja ya kuitoa. Feni ya tano na ya sita huongeza kelele kuliko zinavyopunguza joto.

Msomaji wa Nairobi aongeze karibu robo kwenye hesabu hiyo. Jiji hilo liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila mita ya ujazo hubeba joto pungufu kwa kiasi hichohicho. Ubaridi wa Nairobi hufidia upungufu huo na zaidi, lakini ni vizuri kuufahamu kabla ya kushangaa kwa nini feni zinazunguka kwa bidii katika chumba cha nyuzi 22.

Mambo ya kutazama kwenye feni yenyewe

Ukubwa ndio wa kwanza. Kasha likiruhusu feni za milimita 140, zichukue badala ya 120, kwa sababu eneo la mapanga yake ni kubwa kwa zaidi ya theluthi moja, na hivyo hupitisha hewa ileile kwa mizunguko michache. Faida ya mizunguko michache si ndogo: ukiipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, umeme unaotumika hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi, tofauti ambayo sikio huitambua mara moja. Kasoro ni kwamba shinikizo la feni hushuka hadi robo, na shinikizo ndilo linaloisaidia hewa kupenya kichujio. Ndiyo maana mnunuzi wa kwetu, ambaye hawezi kuishi bila kichujio, anapaswa kusoma namba ya shinikizo, inayoandikwa kwa milimita za maji, kwa makini kuliko ile ya wingi wa hewa. Kwa feni ya mbele yenye kichujio, nisingechukua iliyo chini ya milimita 1.5 za maji.

Pili ni plagi. Feni ya pini nne hupokea kutoka bodi mama ishara ya PWM inayoiambia izunguke kwa kasi gani, na yenyewe hurudisha taarifa ya mizunguko yake. Feni ya pini tatu hutoa taarifa hiyo pia, lakini hudhibitiwa kwa kupandisha na kushusha volti, jambo ambalo bodi mama nyingi huliweza ukilichagua kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya bodi mama. Ile yenye plagi ya Molex peke yake huunganishwa moja kwa moja na pawa saplai na huzunguka kwa kasi moja tangu kuwasha hadi kuzima, iwe kompyuta ina kazi au haina. Katika nchi yenye vumbi huo ni uharibifu, kwa sababu kila lita ya hewa isiyohitajika huingia na vumbi lake.

Tatu ni beringi, yaani sehemu inayoushikilia mhimili wa feni unapozunguka, na hapa ndipo feni za bei ya chini huficha ubovu wake. Beringi ya kawaida ya bushi hutegemea mafuta machache yaliyowekwa kiwandani. Joto huyakausha, vumbi huyageuza matope, na feni huanza kulia asubuhi inapowashwa, kisha kulia siku nzima, kisha kusimama. Hali huwa mbaya zaidi ikilazwa kwenye paa la kasha, kwa kuwa uzito wa mapanga huegemea upande ambao beringi hiyo haikutengenezewa. Beringi zenye mifereji inayozungusha mafuta yaliyofungiwa ndani hudumu muda mrefu zaidi na hukubali kulazwa. Za gololi huvumilia joto kuliko zote, ingawa huzidi kelele kadiri zinavyozeeka. Boksi lisilotaja aina ya beringi mara nyingi lina beringi ya bushi.

Nafasi ya kwanza: Arctic P12 PWM PST na ndugu yake P14

Kwa mtu anayejenga au kurekebisha kompyuta moja na anayehitaji feni tatu au zaidi, ninaweka Arctic P12 mbele ya zote. Huzunguka kati ya mara 200 na 1,800 kwa dakika, hupitisha takribani mita za ujazo 95 kwa saa, na shinikizo lake ni milimita 2.2 za maji, kiasi kinachotosha kabisa kuvuta hewa kupitia kichujio kilichoanza kuchafuka. Beringi yake ni ya mafuta yaliyofungiwa. Huuzwa pia katika boksi la feni tano, na ukigawanya bei ya boksi hilo, feni moja huangukia karibu na bei ya feni zisizo na jina. Herufi PST zina maana kwamba plagi ya kila feni ina tundu la kupokelea plagi ya feni nyingine, hivyo feni tatu za mbele zinaweza kuunganishwa kwa mfuatano hadi kwenye tundu moja la bodi mama, jambo linalomwondolea mnunuzi gharama ya waya za kugawa. Kumbuka tu kwamba kasi itakayoonekana kwenye kompyuta ni ya feni moja kati ya hizo, na kwamba tundu la kawaida la bodi mama hutoa ampea 1 kwa jumla. Jumlisha ampea zilizoandikwa mgongoni mwa feni zako kabla ya kuziunganisha zote pamoja.

Ina kasoro moja inayojulikana: ikikaribia mizunguko 1,000 kwa dakika hutoa mvumo mzito ambao baadhi ya watu hawauvumilii. Dawa yake ni kupanga kasi kwenye BIOS ili feni ikae chini kidogo ya hapo kompyuta ikiwa na kazi nyepesi, na ivuke haraka hadi juu yake kazi inapozidi. P14 ni ileile kwa milimita 140, na kasha likiikubali, ndiyo ningeichagua.

Nafasi ya pili: Noctua NF-P12 redux-1700 PWM

Noctua ni kampuni ya Austria, na feni hii ni muundo wake wa zamani unaouzwa kwa bei iliyopunguzwa kwa kuondoa vifaa vya ziada ndani ya boksi. Namba zake zinavutia: mita za ujazo 120.2 kwa saa, shinikizo la milimita 2.83 za maji, desibeli 25.1 ikiwa kwenye mizunguko 1,700, na dhamana ya miaka 6. Sababu ya kuipa nafasi ya pili badala ya ya kwanza ni bei yake kwa feni moja moja. Lakini mtu anayehitaji feni moja tu, kwa mfano ya nyuma katika kompyuta ya kaunta ya duka, ambayo huwaka kuanzia saa mbili asubuhi hadi usiku na ambayo hakuna atakayeifungua kuitazama, aanze na hii. Katika mazingira hayo, beringi inayodumu ni akiba kubwa kuliko tofauti ya bei.

Nafasi ya tatu: Noctua NF-A12x25 PWM

Ikiwa fedha si kikwazo, hii ndiyo feni bora kati ya zote ninazozitaja, na ninaisema hivyo bila kusita. Ilitoka mwaka 2018, na mwanya kati ya ncha za mapanga yake na fremu ni nusu milimita tu, kwa hiyo hewa hairudi nyuma kupitia pembeni inapokutana na kizuizi. Kwa mizunguko 2,000 hutoa mita za ujazo 102.1 kwa saa na shinikizo la milimita 2.34 za maji kwa desibeli 22.6. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa kuwa katika kasha la kawaida tofauti ya nyuzijoto kati yake na feni mbili za kwanza ni ndogo, ilhali bei yake inaweza kukununulia feni kadhaa za Arctic. Inafaa kwa studio ya kurekodia sauti na kwa radieta ya kupozea kwa maji, mahali ambapo shinikizo na ukimya huhitajika kwa pamoja.

Nafasi ya nne: Thermalright TL-C12C na be quiet! Pure Wings 2

Hizi nimeziweka pamoja kwa kuwa uamuzi kati yake hutegemea ipi ipo dukani siku unayokwenda. Ile ya Thermalright ni ya bei ndogo, ina pini nne, na ni mshirika mzuri wa kutolea hewa nyuma, mahali pasipo na kichujio. Pure Wings 2 ni tulivu sana, lakini shinikizo lake ni dogo, na kwa sababu hiyo nisingeiweka mbele nyuma ya kichujio kinene. Hakikisha unapewa toleo lenye pini nne, kwani ya pini tatu nayo ipo na maboksi yanafanana sana.

Nafasi ya mwisho: seti za taa zisizo na jina

Seti za feni tatu hadi sita zenye taa, rimoti na kisanduku chake cha kuunganishia ndizo zinazojaa kwenye vioo vya maduka. Niliwahi kununua moja kwa ajili ya kompyuta ya mdogo wangu, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja. Plagi za seti hiyo haziingii kwenye bodi mama yoyote, kwa hiyo feni moja ilipokufa haikuwezekana kuibadilisha peke yake, na nyingine zote zikafuata kutolewa pamoja na kisanduku. Wakati zikifanya kazi zilizunguka kwa kasi moja, mapanga yake yakiwa yametengenezwa bapa ili yapokee mwanga vizuri, na kichujio cha mbele kilipopata vumbi la wiki tatu hewa iliyopita ilikuwa haisikiki hata kwa kiganja. Mdogo wangu alizipenda taa, na simlaumu. Anayezitaka taa anunue feni zenye jina, zenye pini nne kwa ajili ya kasi na plagi ya taa iliyo peke yake.

Kabla ya feni, litazame kasha

Hakuna feni kati ya hizi itakayoliokoa kasha lililozibwa mbele kwa kioo na kuachiwa nyufa nyembamba pembeni. Ikiwa kasha lako ni la namna hiyo, ondoa kioo cha mbele kwa siku moja, fanya kazi yako ya kawaida na uangalie joto. Likishuka sana, fedha za feni zielekeze kwenye kasha jipya lenye wavu mbele, kwani feni zilizokuja na kasha hilo huenda zikakutosha.

Wenye kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo zimejaa katika maofisi na shule zetu, wana tahadhari yao. Nyingi hutumia feni ya milimita 92 au 80, na baadhi zina plagi ya kampuni husika isiyolingana na ile ya kawaida. Fungua kasha, pima upana wa feni, hesabu pini na upige picha ya plagi kabla ya kwenda dukani. Baadhi ya mashine hizi hutoa onyo zinapowashwa zisipopata taarifa ya mizunguko ya feni yake, kwa hiyo kuunganisha feni ngeni moja kwa moja na pawa saplai huleta ujumbe wa hitilafu kila asubuhi. Aghalabu kusafisha iliyopo na kubadilisha mafuta ya kupitishia joto juu ya prosesa huleta nafuu kubwa bila kununua feni.

Kuzifunga ili vumbi lisiingie kwa mlango wa nyuma

Feni za mbele ziingize hewa, ya nyuma itoe, na zinazoingiza zizidi kidogo zinazotoa. Hewa ikizidi ndani husukumwa kutoka kupitia kila ufa, na vumbi hukosa njia isipokuwa ile yenye kichujio. Ukifanya kinyume, kasha huvuta hewa kupitia nyufa zote, matundu ya USB na nafasi zilizoachwa na vipande vya bati vilivyopotea nyuma, na ndani ya mwezi mmoja hadi mwezi mmoja na nusu utaona mistari ya vumbi palepale penye nyufa. Rudisha vipande hivyo vya bati kama vilitolewa. Usiweke feni ya kutolea hewa kwenye paa upande wa mbele, kwa sababu huiba hewa baridi iliyoingia sasa hivi kabla haijafika kwenye prosesa na kadi ya michoro. Ya paa ikiwepo, ikae nyuma.

Upande wa feni wenye mikono inayoshikilia mota ndio wa kutolea hewa. Ukiwa na shaka, washa kompyuta na usogeze kipande cha karatasi laini: kinachovutwa kiko upande wa kuingilia. Kasha lenyewe lisikae sakafuni wala ndani ya droo ya meza, na nyuma yake liachiwe nafasi ya kiganja kimoja hadi ukutani.

Dukani, kabla ya kulipa, omba feni itolewe kwenye boksi. Izungushe kwa kidole: inapaswa kuzunguka kwa urahisi na kusimama polepole, bila kukwaruza. Shika kitovu cha mapanga na ujaribu kukitikisa kushoto na kulia. Mtikisiko mdogo sana ni wa kawaida, lakini ukisikia mgongano, irudishe. Soma lebo ya mgongoni kuona volti 12, ampea na namba ya muundo, na uilinganishe na boksi. Ukikubaliana na muuzaji, muulize pia vichujio vya wavu vyenye sumaku vya ukubwa huohuo, kwani kasha nyingi za bei ya kati huja bila hivyo. Kimoja kioshwe kwa maji na kukaushwa kivulini kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi huku kingine kikiwa kazini, na unapopuliza vumbi ndani ya kasha kwa bloa, yashike mapanga kwa kidole yasizunguke, maana upepo wa bloa huweza kuyazungusha kupita kiasi na kuiharibu beringi uliyoilipia.